Msimbo haujaguswa, lakini programu haijengeki: kutafuta kosa la kompaila na maktaba sanifu

Simu ilinikuta ndani ya matatu, tumekwama Kondele. Aliyepiga ni kijana anayetunza kompyuta katika kituo cha kupimia miwa, mwendo wa kama saa moja kutoka Kisumu.

“Mwalimu, ile programu ya mizani imekataa kujengeka.”

“Mmebadilisha nini?”

“Hakuna kitu. Msimbo haujaguswa, nakuapia.”

Alisema kweli. Msimbo ulikuwa ule ule, herufi kwa herufi. Kilichobadilika ni kompyuta. Ile ya zamani ilipigwa na radi siku ya Ijumaa, wakanunua nyingine na kuiwekea mfumo wa Linux wa Ubuntu 24.04. Ya zamani ilikuwa na Ubuntu 14.04. Nje ya dirisha lake matrekta yalikuwa yamepanga foleni, na miwa iliyokatwa huzidi kupungua uzito kadiri inavyokaa juani. Mkulima hulipwa kwa uzito. Ndiyo maana jambo hili silichukui kama mchezo wa watu wa kompyuta: kuna mama pale mwenye ekari moja ambaye hasara yake huanza pale kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, inapokataa.

Siku ile tulikutana na makosa manne, moja baada ya jingine, katika hatua tatu tofauti. Nitayapitia, na njiani nitaongeza mengine ambayo wanafunzi na mafundi wa huku huniletea mara kwa mara.

Kabla hujagusa chochote

Wengi hunitumia picha ya mstari wa mwisho kwenye skrini:

    make: *** [Makefile:14: mizani] Error 1

Mstari huo unasema tu kwamba kazi imeshindikana. Kompaila ikikwama kwenye neno moja isilolijua, hutema makosa mia mbili yaliyozaliwa na lile la kwanza. Kosa la kwanza ndilo ugonjwa, yanayofuata ni homa. Isitoshe, `make` (amri inayoongoza ujenzi) ikiendesha kazi kadhaa kwa pamoja, ujumbe huchanganyika na la kwanza hufichika katikati. Kwa hiyo jenga kwa kazi moja moja, uhifadhi kila kitu kwenye faili:

    LC_ALL=C make -j1 2>&1 | tee ujenzi.log
    grep -n -m1 -E 'error:|undefined reference|multiple definition' ujenzi.log

`LC_ALL=C` huufanya ujumbe utoke kwa maneno yale yale yanayojulikana duniani kote, ukiyatafuta utawapata waliokutangulia. Kisha andika matoleo matatu: la kompaila (hapa ni GCC), la glibc (maktaba sanifu ya C kwenye Linux), na la mfumo wenyewe.

    gcc --version
    ldd --version
    cat /etc/os-release

Hiyo `ldd --version` ndiyo njia ya haraka ya kujua toleo la glibc, ingawa jina la amri halielekei hivyo.

Na kama unatumia CMake, zana ya kuandaa ujenzi, futa folda nzima ya ujenzi uanze upya. Faili ya `CMakeCache.txt` hukumbuka njia za kompaila na maktaba za zamani. Ukisasisha mfumo ukaiacha, utakuwa unajenga kwa ramani ya nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Sasa jiulize swali moja: kazi imekufa katika hatua gani? Kompaila ikilalamikia mstari fulani wa faili fulani, hiyo ni hatua ya kukompaili, na mara nyingi aliyehama ni kompaila au faili za vichwa, zile zinazoingizwa kwa `#include`. Ukiona `undefined reference` au `multiple definition`, kukompaili kumekwisha salama na ugomvi uko kwa kiunganishi, kinachofunga vipande vilivyokompailiwa kuwa programu moja: vipande viwili havielewani. Programu ikijengeka vizuri halafu ikakataa kuanza, basi mahali ilipojengwa na mahali inapoendeshwa pana maktaba tofauti. Ukikosea hatua, utatibu mguu wakati jino ndilo linalouma.

Dalili: “uint16_t” haijulikani

Hili ndilo lilikuwa kosa letu la kwanza pale kituoni.

    itifaki.h:9:5: error: 'uint16_t' does not name a type

Faili hii inaeleza pakiti zinazotoka kwenye mizani kupitia waya wa siri-poti (serial port): baiti mbili za uzito, baiti moja ya hali, baiti moja ya ukaguzi. Kwa miaka ilikompailika bila neno. Juu yake kulikuwa na `#include <string>` pekee.

Aina kama `uint16_t` hutoka kwenye `<cstdint>`. Aliyeandika hakuiita, lakini `<string>` ya wakati ule ilikuwa ikiiita ndani kwa ndani kwa shughuli zake, kwa hiyo ilipatikana bure. Ni kama kuchota maji kwenye bomba la jirani: hakuna aliyekukataza, na hakuna aliyekuahidi. GCC 13, iliyotoka Aprili 2023, ilipunguza faili za vichwa zinazoitana zenyewe kwa zenyewe, na `<cstdint>` ni mojawapo ya zilizoacha kuletwa hivyo. `<stdexcept>` nayo vilevile, kwa hiyo `std::runtime_error` inaweza kupotea kwa namna ile ile. Ubuntu 24.04 inakuja na GCC 13, ndiyo sababu tulikutana nalo siku ile na si kabla.

Dawa ni mstari mmoja juu ya `itifaki.h`:

    #include <cstdint>

Mstari huo haudhuru kompaila za zamani hata kidogo, kwa hiyo uweke hata kama nusu ya mashine zako bado ni za zamani. Mchezo huu haukuanza na toleo la 13. Ukitoka mbali, ukaruka hadi GCC 11, huenda ukalazimika kuongeza `<limits>`, `<memory>`, `<utility>` au `<thread>`. Kila faili iite inachotumia yenyewe, isitegemee mwingine kuileta.

Kama msimbo si wako, umeupakua tu na huna ruhusa au muda wa kuuhariri, unaweza kuilazimisha kompaila iingize kichwa hicho mwanzoni mwa kila faili:

    make CXXFLAGS="-O2 -include cstdint"

Hii ni bandeji. Itakuvusha leo, lakini watumie wenye mradi rekebisho la kweli, maana kuna mtu Eldoret au Busia atakayekwama pale pale wiki ijayo.

Dalili: onyo la zamani limegeuka kosa

    error: implicit declaration of function 'strdup'

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ushauri mbaya unaosambazwa kuhusu kosa hili ni mwingi kuliko mzuri.

Katika C ya kale ungeweza kuita funksheni bila kuitangaza, na kompaila ikadhani inarudisha `int`. Kiwango cha C99 kiliondoa ruhusa hiyo mwaka 1999, lakini GCC iliendelea kutoa onyo tu kwa miaka mingi. Clang, kompaila nyingine, ililifanya kosa katika toleo la 16, na GCC 14, ya Mei 2024, ikafuata. Pamoja nalo vikaja vingine: kuchanganya namba na anwani bila kugeuza, kuchanganya anwani za aina zisizolingana, na kuacha kutaja aina kabisa.

Wengi wanashauriwa wazime: ongeza `-fpermissive` au `-Wno-error=implicit-function-declaration`, maisha yaendelee. Tazama kinachotokea ukifanya hivyo na `strdup` unapojenga kwa `-std=c99`. Funksheni hii hurudisha anwani ya kumbukumbu, ambayo kwenye mashine ya biti 64 huchukua baiti 8. Kompaila isiyoijua hudhani inarudisha `int`, yenye baiti 4. Hukata nusu ya juu ya anwani na kuitupa. Anwani iliyokuwa `0x55d3c0a812a0` inabaki `0xc0a812a0`, na kwa kuwa biti ya juu ya namba hiyo imewaka, ikirudishwa kuwa anwani hujazwa alama ya hasi na kuwa `0xffffffffc0a812a0`. Programu hujengeka. Kisha huanguka mahali mbali kabisa na palipo na kosa, pengine saa mbili baadaye, katikati ya foleni. Kompaila ilikuwa inakuonya juu ya hitilafu ya kweli iliyokuwapo siku zote.

Kwa hiyo tafuta kichwa kinachokosekana. Mara nyingi ni `<string.h>`, `<stdlib.h>` au `<unistd.h>`. Kama `<string.h>` tayari ipo na bado `strdup` haionekani, angalia kama unajenga kwa `-std=c99`. Chaguo hilo huiamuru glibc ifiche kila kitu kisichokuwa cha C99 halisi, na `strdup` ni ya POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix. Tumia `-std=gnu99`, au weka `-D_POSIX_C_SOURCE=200809L`.

Kuna sura nyingine ya jambo hili ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu iko kimya. Skripti za `configure` hupima uwezo wa mfumo kwa kukompaili vijiprogramu vidogo. Vingi viliandikwa zamani, vikiita `exit` bila kichwa chake, au vikianza na `main()` bila kutaja `int`. Kwa GCC 14 vijiprogramu hivyo hushindwa, na `configure` haisemi kuna kosa. Inaandika tu “no” na kuendelea. Unapata programu iliyojengeka bila kipengele ulichokihitaji. Ukiona kipengele kimepotea baada ya kusasisha mfumo, fungua `config.log`, tafuta jina la kipimo hicho, na usome kosa lililofanya jibu liwe hapana. Dawa ya kawaida ni kuzalisha skripti upya kwa `autoreconf -fi` ukiwa na toleo jipya la Autoconf, zana inayozalisha skripti hizo.

Lugha yenyewe imesogea

Usipotaja kiwango cha lugha, kompaila inakuchagulia, na chaguo hilo hubadilika. GCC 11 ilihamia C++17. Hapo msimbo wenye `throw(std::runtime_error)` kwenye kichwa cha funksheni hukataliwa. Pia msimbo wa siri-poti wenye `typedef unsigned char byte;` na `using namespace std;` huanza kulalamika kwamba `byte` ina maana mbili, kwa sababu C++17 ilileta `std::byte`. Nimelikuta hili kwenye karibu kila programu ya vifaa iliyoandikwa na mtu aliyeanzia Arduino.

GCC 15, ya Aprili 2025, ilihamisha C kwenda C23. Sasa `bool`, `true` na `false` ni maneno ya lugha, kwa hiyo `typedef int bool;` ni kosa. Na mabano matupu, kama katika `void (*kazi)()`, yanamaanisha funksheni isiyopokea kitu chochote. Ukiiita na hoja mbili unaambiwa zimezidi.

Taja kiwango chako waziwazi, `-std=gnu17` au `-std=gnu++14`, kisha urekebishe msimbo polepole ukiwa na programu inayofanya kazi. Hapa kutaja kiwango si kuficha kosa. Ni kusema msimbo uliandikwa kwa sarufi ipi.

Faili ipo, kompaila inasema haipo

    /usr/include/c++/13/cstdlib:79:15: fatal error: stdlib.h: No such file or directory

Mtu huenda akaangalia, akaikuta `/usr/include/stdlib.h` imekaa pale, na akaanza kusakinisha mfumo upya. Usifanye hivyo. Tangu GCC 6, vichwa vya C++ hutumia `#include_next`, yaani “tafuta faili ya jina hili katika folda zinazofuata”. Mradi ukipitisha `-isystem /usr/include`, huvuruga mpangilio wa folda, na “inayofuata” inakuwa haipo tena. Jenga kwa `make VERBOSE=1`, litafute chaguo hilo, uliondoe.

Kama faili kweli haipo, huenda imeondolewa. `xlocale.h` iliondoka katika glibc 2.26, na `sys/sysctl.h` katika 2.32. Kinyume chake nacho hutokea: glibc 2.38 ilileta `strlcpy` na `strlcat`, kwa hiyo miradi iliyojiandikia zake kama `static` hugongana na tangazo jipya. Na tangu glibc 2.34, `SIGSTKSZ` si namba thabiti tena. Matoleo ya zamani ya Catch2, ile maktaba ya majaribio, hukwama hapo, na dawa ni kuisasisha Catch2 yenyewe.

Dalili: multiple definition

Hii ni fupi. Kigeu kimetangazwa ndani ya faili ya kichwa, `int hali;`, na faili tatu zinaiita. Zamani kiunganishi kiliunganisha vile vitatu kuwa kimoja. GCC 10, ya mwaka 2020, iliacha. Weka `extern int hali;` kwenye kichwa, na `int hali;` kwenye faili moja tu ya `.c`. Ukiwa na haraka, `-fcommon` hurudisha tabia ya zamani.

Dalili: undefined reference yenye “__cxx11”

Baada ya kuongeza `<cstdint>`, programu ya mizani ilikompailika yote. Kijana alifurahi kwenye simu. Kisha kiunganishi kikasema:

    undefined reference to `Mizani::Mizani(std::__cxx11::basic_string<char, ...> const&)'

Muuzaji wa mizani alileta maktaba yake, `libmizani.a`, bila msimbo chanzo. Nikamwambia aiangalie ndani:

    nm -C libmizani.a | grep 'Mizani::Mizani'

Ikajibu kwamba funksheni ipo, ila inapokea `std::string const&`, bila neno `__cxx11`. Kwa macho ya binadamu ni kitu kile kile. Kwa kiunganishi ni majina mawili tofauti kabisa.

Chanzo chake ni cha mwaka 2015. Kiwango cha C++11 kilidai `std::string` isishiriki tena kumbukumbu kati ya nakala kama ilivyokuwa ikifanya, na `std::list` ijue idadi yake papo hapo bila kuhesabu. Umbo la vitu hivyo kwenye kumbukumbu likalazimika kubadilika. GCC 5 ilipoleta maumbo mapya haikuyatupa ya zamani. Iliyaweka yote mawili ndani ya maktaba moja, na ikayapa mapya jina lenye `__cxx11` ili mtu asikabidhi umbo jipya kwa funksheni inayongoja la zamani. Kwa hiyo kosa hili ni kinga. Bila hilo jina, programu ingeunganika na kusoma uzito kutoka mahali pasipo pake, na mkulima angelipwa kwa takataka iliyokuwa kwenye kumbukumbu.

Dawa bora ni kumwomba muuzaji maktaba mpya. Tuliomba. Lakini siku ile hatungeweza kumsubiri. Unaweza kujenga programu nzima kwa `-D_GLIBCXX_USE_CXX11_ABI=0`, ila utakuwa umehamisha ugomvi: maktaba nyingine zote za C++ ulizopata kwa `apt` zinatumia umbo jipya, na zinazopokea `std::string` zitakataa. Mimi huweka daraja dogo. Faili moja tu hukompailiwa kwa umbo la zamani, na upande wa nje inazungumza C tupu, ambayo haina `std::string` ya kugombania.

    // daraja.cpp
    #include "mizani.h"
    extern "C" int soma_uzito(const char *bandari, double *kilo) {
        return Mizani(std::string(bandari)).soma(kilo);
    }

    g++ -D_GLIBCXX_USE_CXX11_ABI=0 -c daraja.cpp

Programu iliyobaki inaiita `soma_uzito`, wala haijui kwamba nyuma ya pazia kuna umbo la zamani. Maumbo yote mawili yamo ndani ya `libstdc++` ile ile, yaani maktaba sanifu ya C++ ya GCC, kwa hiyo yanaishi pamoja bila shida mradi yasikabidhiane vitu.

Tulipounganisha tena kikatokea kingine: `relocation R_X86_64_32 ... can not be used when making a PIE object`. Maktaba ya muuzaji ilikompailiwa enzi ambazo programu zilipakiwa kwenye anwani maalumu. Ubuntu ya leo huzijenga ziweze kupakiwa popote, kwa ajili ya usalama. Tuliongeza `-no-pie` wakati wa kuunganisha, na faili ikatoka. Ni hasara ndogo ya ulinzi, na nimeiandika kwenye Makefile pamoja na sababu, ili atakayekuja ajue iondolewe maktaba mpya ikifika.

Ukiona `undefined reference to '__isoc23_strtol'`, hali ni ya kinyume: maktaba tuli (faili ya `.a`) ilijengwa kwenye mfumo mpya wenye glibc 2.38 au zaidi, na wewe unaiunganisha kwenye mfumo wa zamani. Ijenge upya hapo ulipo.

Dalili: imejengeka, imekataa kuanza

Lango la pili la kituo lina kompyuta yake, na hiyo haikupigwa na radi. Ina Ubuntu 20.04. Kijana akanakili programu mpya kwenye flashi, akavuka ua kwa miguu, akaichomeka:

    ./mizani: /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version `GLIBC_2.38' not found

Glibc ina ahadi ya upande mmoja. Programu iliyojengwa kwa glibc ya zamani itaendelea kufanya kazi kwenye mpya. Iliyojengwa kwa mpya haina ahadi yoyote kwenye ya zamani. Ubuntu 20.04 ina glibc 2.31, 22.04 ina 2.35, 24.04 ina 2.39. Debian 11 ina 2.31 na Debian 12 ina 2.36. Mto unatiririka upande mmoja tu.

Kabla ya kuvuka ua na flashi, uliza programu inadai nini:

    objdump -T mizani | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu | tail -1

Namba inayotoka isizidi glibc ya mashine ya zamani kuliko zote itakapoendeshwa.

Tafadhali, usinakili `libc.so.6` kutoka mashine mpya na kuibandika juu ya ya zamani. Karibu kila amri kwenye mashine, hata `ls` na `cp`, inategemea faili hiyo pamoja na kipakiaji (kinachoanzisha programu) kinacholingana nayo. Ukiibadilisha, hutakuwa na amri ya kurekebishia, na utahitaji kuiwasha mashine kwa flashi ya usakinishaji. Nimemsaidia mtu mmoja kutoka shimo hilo usiku wa manane, na sitaki mwingine aingie.

Njia iliyonyooka ni kujenga kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unaouhudumia. Si lazima uwe na kompyuta ya zamani. Kontena, yaani mfumo mdogo wa Linux unaoendeshwa ndani ya mashine yako, linatosha:

    docker run --rm -v "$PWD":/kazi -w /kazi ubuntu:20.04 \
      bash -c "apt-get update && apt-get install -y build-essential && make clean all"

Ubuntu ya msingi ndani ya kontena ni chini ya megabaiti 100, lakini `build-essential` ndiyo inayokula bando la intaneti, na amri hiyo huipakua upya kila mara. Isakinishe mara moja ndani ya kontena, ihifadhi kwa `docker commit`, kisha `docker save` iweke yote kwenye faili moja utakayoipitisha kwa flashi. Mimi hutembea nayo. Kule vituoni mtandao ukiwa mzuri ni neema.

Ujumbe ukitaja `GLIBCXX_3.4.30` au `3.4.32` badala ya `GLIBC`, anayelaumiwa ni `libstdc++`, si glibc. Namba hizo ni za GCC 12 na GCC 13. Angalia maktaba iliyopo inatoa zipi:

    strings /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libstdc++.so.6 | grep GLIBCXX_3

Hapa una njia ya mkato halali: unganisha kwa `-static-libstdc++ -static-libgcc`, programu ibebe `libstdc++` yake tumboni. Haitakusaidia kwa glibc. Na kama namba unayoitaka ipo kwenye orodha lakini programu bado inalalamika, endesha `ldd ./mizani` uone inachukua maktaba kutoka wapi. Kwa wanafunzi wanaotumia Conda, zana ya kusakinisha vifurushi, mara nyingi utaona njia inayopita ndani ya folda ya Conda, penye `libstdc++` ya zamani zaidi. Tazama `LD_LIBRARY_PATH`, mara nyingi imewekwa kwenye `.bashrc` na mtu aliyekwisha kusahau.

Wanaosingiziwa

Si kila ujenzi unaokufa umeuawa na toleo jipya. Ukisoma `Killed signal terminated program cc1plus`, kumbukumbu imeisha. Jenga kwa `-j1`, au ongeza faili ya swap (nafasi ya diski inayotumika kama kumbukumbu) ya gigabaiti mbili.

Mwingine nimemkuta zaidi kwenye Raspberry Pi zinazofungwa vituoni. Umeme unakatika, unarudi, na `make` inasema:

    make: warning: Clock skew detected. Your build may be incomplete.

Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa yenye betri, na hata Pi 5 betri yake huinunua kando. Ikizimika ghafla, huamka na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho, na bila intaneti hubaki nyuma hivyo hivyo. Faili ulizokompaili kabla ya umeme kukatika zinaonekana ni za kesho, na msimbo uliouhariri sasa hivi unaonekana ni wa jana. `make` haioni sababu ya kuukompaili upya. Unaunganisha vipande vya zamani na vipya, na makosa yanayotokea yanafanana kabisa na ya maktaba zisizolingana. Anza na `date`. Saa ikiwa imepotea, irekebishe, kisha:

    sudo date -s "2025-11-03 09:40"
    make clean && make -j1

Pale kituoni lango la pili lilianza kupima saa sita na robo, kwa faili iliyojengwa ndani ya kontena la 20.04, ile ile inayoendeshwa hadi leo kwenye malango yote mawili.